Mama, Nadia Amesimamishwa Kazi

Mama,

Tangu tukuzike pale Kisesa nimetaka kukwambia habari za Nadia, nikawa naziogopa hasira zangu. Leo acha zitoke.

Unamkumbuka, yule Mwarabu wa maabara niliyefanya naye kazi Israeli nilipokwenda kujifunza ufugaji wa samaki wa sato. Kila ulipopiga simu alininyang'anya na kusema, "Shikamoo, Mama!" Nawe ulicheka hadi ukakohoa. "Marahaba, mwanangu. Huyo Koku anakula?" Hakuelewa kitu, lakini alijibu ndiyo.

Wamemsimamisha, Mama. Mtu aliyezaliwa kule, na babu yake kazaliwa kule, ana kitambulisho cha uraia, Kiebrania anakisema kama Wayahudi wenyewe! Vita vilipoanza, watu tuliokuwa tunakula nao meza moja wakaacha kukaa naye. Akimpigia mama yake kwa Kiarabu, wanageuka kumtazama. Kisha msimamizi akatangaza kwamba kazini ni Kiebrania tu. Mimi na wenzangu wa Ghana tulipiga soga kwa Kiingereza kutwa nzima, hakuna aliyetugusa.

Akatafuta chumba karibu na kazini. Mwenye nyumba alikuwa mchangamfu kwenye simu, mpaka Nadia alipotaja jina la ukoo. Hapo chumba kikawa kimeshapata mtu. Jioni nikapiga mimi. Kikawa kipo.

Mwisho aliandika mtandaoni kwamba anawalilia watoto wanaokufa pande zote mbili. Mwenzake akampelekea msimamizi maandishi hayo. Kesho yake Nadia akazuiwa getini. Nilipouliza, nikaambiwa, "Wewe ni mgeni, utaondoka. Usiingilie." Ni Mzee Avi peke yake, Myahudi wa mabwawani ambaye mpwa wake aliuawa vita vilipoanza, aliyesema waziwazi kwamba ule ni uonevu. Naye wakamnunia.

Nikarudi nyumbani Pasiansi nikidhani nitapumua. Kina mama wa kanisani wakaniomba niwasimulie Nchi Takatifu. Nikaanza na Nadia. Mwenyekiti wao akanikatiza: "Koku, tuambie Yordani. Hayo ya Waarabu ya nini? Si ndio maadui wa taifa la Mungu?"

Nikasema Nadia ni Mkristo kama wao. Ndipo wakaanza kumhurumia, "Jamani, maskini!" Hapo ndipo nilipoudhika kabisa, Mama. Nikawauliza: angekuwa Mwislamu, ingekuwa halali? Wakaanzisha pambio.

Nadia amefungua shauri. Wakili wake aliniomba nieleze nilichoona. Niliosoma nao wakanionya kwamba nafasi yangu ya kurudi kumalizia mafunzo itapotea. Nikaeleza, kwa simu ya video, nimekaa kitandani kwako. Wiki hii nimejulishwa kwamba nafasi amepewa mwingine. Sababu hawakutoa.

Shauri bado. Nadia anauza kwenye duka la dawa kijijini kwao. Alinipigia analia, anadhani ameniharibia maisha. Nikamwambia, "Nimekasirika kweli, lakini si kwa sababu yako, dada."

Nimechoka, Mama. Nimeambiwa ninyamaze kwa Kiebrania, kwa Kiingereza, na sasa kwa Kiswahili, na watu walioimba kwenye mazishi yako.

Pumzika. Mimi nakuahidi hivi: wakinihitaji tena kwenye shauri nitasema tena, neno kwa neno, hata kama sitapanda ndege nyingine maisha yangu yote.

Mwanao,
Koku