Kucheza na Kutumika

Mjomba wangu uliye Kilwa ya ziwani,

Hii ni barua ya nne. Tatu za kwanza nilimpa dereva wa lori la samaki, na kila aliporudi alisema umeipokea kwa mkono wako mwenyewe, ukaikunja, ukaitia mfukoni, kisha ukamwuliza kama njiani kuna matope. Basi hii ya nne nitaibandika pia kwenye gazeti la ukutani la shule yetu, karibu na mlango wa maktaba, ili kila mtu aisome. Unajua kwamba mimi nikiitwa ubaoni sauti inanikauka. Ona basi nilikofikishwa na kimya chako.

Nakumbuka Jumamosi zetu hapa Naviundu, mtaa wetu wa Lubumbashi. Ulikuwa unarudi mchana kutoka kutunza viwanja vya klabu ya tenisi, chokaa ya mistari bado imekushika vidoleni, na kwapani una magazeti ya michezo ambayo wanachama walikuwa wameyatupa. Yalikuwa ya Kifaransa, tena ya miezi mingi nyuma, lakini kwetu yalikuwa mapya. Tulikaa kwenye kizingiti cha mlango, wewe ukitazama picha, mimi nikisoma maandishi. Majina ya wale wachezaji yalitushinda, tukawapa ya kwetu. Yule bingwa wa zamani aliyecheza na suruali ndefu nyeupe tulimwita Baba Suruali. Kijana wa siku hizi mwenye nywele mabegani tulimwita Mikono Miwili.

"Angalia uyu," ulisema siku moja. "Raketi anaishika na mikono mbili! Iko mucheza tenisi ao iko mama anatwanga sombe?"

"Lakini anashinda, Mujomba."

"Anashinda nani? Benzake benye kutwanga!"

Mama, ambaye kweli alikuwa anatwanga sombe, majani ya muhogo, pale uani, alikunyooshea mchi wake. "Ndugu yangu, kuya ushike kitu hii. Tuone kama utamaliza seti moja."

Tulicheka mpaka gazeti likaanguka.

Mimi nilikuwa na daftari, nimepiga mstari katikati ya ukurasa: zamani upande huu, leo upande ule. Nilitetea wa leo. Nilikuambia wanafanya mazoezi kila siku, wanalipwa, wana raketi za chuma, wanapanda ndege na kucheza leo nchi hii, wiki ijayo nchi nyingine. Baba Suruali angesimama mbele ya mpira wa Mikono Miwili angeuona ukipita tu, kama mtu aliyekosa treni. Ulinisikiliza mpaka mwisho, maana hujawahi kunikata maneno. Kisha ulijibu lile jibu lako, ukiniita mwipwa wako kwa Kifaransa:

"Ba zamani balikuwa banacheza. Ba leo habachezi, ma nièce. Banatumika."

Kwetu Lubumbashi kutumika ni kufanya kazi. Baba anatumika kwenye kiwanda cha shaba, wewe ulitumika klabu, na hakuna anayeona ubaya katika neno hilo. Ulitaka kusema tu kwamba wa leo wamegeuza mchezo kuwa kibarua. Nililiandika jibu lako chini ya ule mstari.

Na kila mabishano yetu yaliishia kwenye hadithi moja. Mji ulikuwa bado na jina lake la zamani, la wakati wa ukoloni. Klabu ilimwalika professionnel, mchezaji wa kulipwa, kutoka Ulaya aje kuwaonyesha wakubwa jinsi tenisi inavyochezwa. Asubuhi alitaka mtu wa kupashana naye mwili moto kwenye kiwanja cha nyuma, wakakuita wewe, uliyekuwa unatengeneza viwanja kwa udongo wa vichuguu, ukiupepeta, ukiumwagilia maji na kuukandamiza kwa jiwe la duara mpaka uwanja ung'ae kama sakafu. Ulivua viatu vya kazi. Yule mtu alianza kwa kucheka, akaacha kucheka. Mlifika cinq jeux à deux, tano kwa mbili, wewe ukiwa mbele. Mpira ulikuwa mkononi mwako, mchezo mmoja ukibaki umalize seti, ndipo mkubwa wa klabu alipopiga kelele kutoka barazani: nenda ukamwagie maji kiwanja cha kwanza, wageni wanafika.

"Na weye ulifanya nini?" niliuliza kila mara, ingawa nilijua.

"Ninatia mupira mu mfuko, ninaenda. Kiwanja ilisikia kiu kunishinda."

Hapo tulicheka tena. Mjomba, nilicheka miaka yote ile. Sasa kila nikikumbuka kicheko changu nasikia uso unawaka.

Mwaka huu Citoyen, yaani Mwananchi, kama tunavyotakiwa kuitana siku hizi, mwalimu wetu wa Kiswahili, ambaye watu wake ni Waislamu wa Maniema na amesoma vitabu vya pwani, alitupa insha: linganisha watu wa zamani na wa leo katika kazi au mchezo unaoupenda. Wenzangu waliandika mpira wa miguu. Mimi nilitoa daftari langu la Jumamosi. Niliandika juu ya Baba Suruali na Mikono Miwili, kisha nikamaliza na wewe: "Mjomba wangu alitumika klabu ya tenisi miaka ishirini, na siku moja alikuwa mbele ya mchezaji wa kulipwa, tano kwa mbili."

Insha ilirudi na alama mbili nyekundu. Kwenye tano kwa mbili aliandika: Imeandikwa wapi? Na neno "alitumika" alilizungushia duara. Nilimfuata mezani kwake.

"Binti," aliniambia kwa upole, "katika Kiswahili cha vitabu kitu ndicho kinachotumika. Jembe linatumika. Ndoo inatumika. Mtu anafanya kazi."

Niliona nimeokota almasi. Unanijua, neno jipya siwezi kulala nalo. Jioni ile, tukiwa mezani, nilikueleza kwa furaha kubwa, na mfano wangu nikautoa mwenyewe. Nilisema: "Kwa hiyo, Mujomba, kwa vitabu, weye ulitumika sawa ile ndoo ya kumwangia maji."

Mama alisema, "Eh! Mutoto!" Wewe ulimaliza bukari yako, ugali wetu, ukanawa mikono, ukaiangalia mikono hiyo muda mrefu. Jumatatu uliacha kazi. Alhamisi ulipanda lori la Kilwa. Raketi yako uliiacha juu ya kabati, imebanwa kwenye fremu yake ya mbao yenye skrubu nne.

Mama anasema, "Mujomba wako alichoka, haiko juu yako." Simwamini. Lakini sikuandikii kuomba msamaha tu, huo niliuomba katika barua tatu ulizokunja. Nakuandikia kwa sababu nimekasirika, na sijui pa kuipeleka hasira hii.

Nakukasirikia wewe kwanza. Miaka yote ile ulitetea wachezaji wa zamani, heshima yao, suruali zao nyeupe, eti walicheza kwa kupenda na si kwa mshahara. Mjomba, nani aliweza kucheza kwa kupenda tu? Ni yule ambaye kiwanja chake kilimwagiliwa maji na mtu mwingine! Nilikwenda klabu mwezi uliopita. Viwanja viwili sasa ni saruji, cha nyuma kimeota majani. Barazani ubao wa washindi bado uko. Nilisoma majina yote, na lako halimo. Ulikuwa unatetea nyakati ambazo hazikukuandika.

Wa leo nao wananiudhi. Mikono Miwili analipwa ili acheze, na akiongoza tano kwa mbili hakuna wa kumwita. Zamani nilidhani hilo ni jambo dogo, nikaliandika upande wake kama faida mojawapo chini ya raketi za chuma. Sasa naona ndilo lote. Ungezaliwa baadaye kidogo, ungetumika kama yeye, na ningekata picha yako nikaibandika ukutani. Basi nitalinganishaje? Upande mmoja wa mstari kuna watu waliomaliza seti zao. Wewe nikuweke upande gani?

Insha niliiandika upya. Nilifuta "alitumika", nikaweka "alicheza". Mwalimu aliuliza mbele ya darasa zima, "Alicheza katika mashindano gani?" Sauti yangu ilikauka kama kawaida. Lakini nilibaki nimesimama, Mjomba, na mwisho nikasema, "Yale yaliyokatizwa." Hakuongeza alama. Ila ile duara nyekundu hakuichora tena.

Mvua zimeanza. Ulinifundisha kwamba mbao ya raketi inapinda kwenye unyevu skrubu zikilegea, kwa hiyo kila Jumamosi nazikaza zote nne. Mimi si mchezaji. Najua kukaza tu, na hata hivyo naogopa kukaza mno. Kama raketi hii umenipa, niandikie kwamba umenipa. Kama hukunipa, njoo uichukue, kiwanja cha nyuma nitang'oa majani mwenyewe.

Tano kwa mbili, Mjomba. Hakuna aliyekushinda. Na mpira, mpaka leo, uko mfukoni mwako pamoja na barua zangu.

Mimi mwipwa wako,
mtoto wa dada yako, yule wa daftari