Mkono wa Trafiki Juu ya Baiskeli

Mpendwa mshauri, pokea salamu zangu, na za baba watoto, na za binti yetu fundi cherehani, na za pacha wanaoota meno, na za mama mkwe aliyenikataza kukuandikia lakini anakusalimu. Tu wazima, ila sijui mpaka lini, ndiyo maana naomba msaada.

Mume wangu ni trafiki, kutwa anasimama njia panda akinyoosha mkono na magari yanatii, sasa akivua sare tukapanda baiskeli kwenda sokoni, yeye mbele mimi kwenye karia, tukikuta taa nyekundu hasimami, ananyoosha mkono vilevile, na fulana yake na kandambili, anapita katikati ya magari, honi zinalia, nikimwambia, "Baba, nyekundu hiyo," ananijibu, "Taa ni msaidizi wangu," nami nisikufiche mshauri, siku hizi nanyoosha mkono upande wa pili, magari ya huko yasije yakaona yamesahauliwa.

Juzi binti naye, na baiskeli yake, kaunyoosha mkono kwenye nyekundu mbele ya lori, likafunga breki likasimama upana wa kidole kutoka kwenye gurudumu lake, dereva akachungulia, "Dada, huo mkono unazuia tani ngapi?" Kaja nyumbani anacheka, baba yake akafoka, "Nani kakufundisha upuuzi huo?" huku ananitazama mimi. Nijibu upesi, Jumatatu binti anarudi barabarani.

Mama Pacha

Mama Pacha, pole, na sasa nikufokee. Magari husimama kwa sababu ya sare ya mumeo. Akiwa na kandambili ni mwendesha baiskeli tu, na nyekundu inamhusu kama inavyolihusu lori, ila lori halina mbavu za kuvunjika. Na wewe, mtu mzima, badala ya kushuka ukaongeza mkono wa pili. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo.

Anza na binti, leo. Mwambie kwa kinywa chako kwamba mlikosea. Asimame nyuma ya mstari mweupe, angoje kijani, kisha atazame kulia na kushoto hata hivyo. Mkono ni wa kuonyesha anakokata kona, basi. Asikae ubavuni mwa lori linalokata kona; dereva hamwoni. Pakimtisha, ashuke akokote baiskeli kwenye kivuko cha waenda kwa miguu.

Kisha nendeni sokoni wote, binti na baiskeli yake. Kabla ya taa, mwambie mumeo karia inakuumiza, ushuke, usimame na binti nyuma ya mstari. Usibishane. Akipita, apite peke yake. Ng'ambo atageuka aone mkosaji ni mmoja tu, na kazi yake ni kuwajua wakosaji. Atarudi akikokota. Sogeeni kidogo apate pa kusimama, na asicheke mtu.