Mpungi Uliofuatwa na Maji

Mama Mbonea,

Utanisamehe mwandiko. Ulikuwa ukinicheka kwamba naandika barua kama mtu anayejaza ubao. Leo hata mstari mmoja unanishinda kuunyoosha.

Matete yamekatwa. Naanza na hilo kwa sababu nikizunguka sitalisema. Yamekatwa yote, kuanzia kwenye mgunga wetu hadi mpakani kwa jirani, na mafunjo yaliyokuwa yamesimama majini yameng'olewa na mizizi yake. Yamekatwa kwa ajili ya maneno yangu.

Tangu ututoke sikudumu juu milimani, Usangi. Baridi ya kule ilinishika kifua, na Mbonea akanishusha huku bwawani, chini ya kijiji cha Kifaru, kwenye kiwanja tulichonunua kwa akiba ya mshahara wako. Nalala kwenye chumba kile kile. Asubuhi nikiamka bado nasikiliza kama unakoroga uji.

Unazikumbuka Jumamosi zetu? Tulikuwa na njia moja tu ya kufika majini, wewe mbele mimi nyuma, matete yakitupiga mabegani. Tulikaa pale miguu ikiwa majini, tukala perege kwa mikono, tukasengenya wakuu wa shule wote tuliowahi kufanya kazi chini yao. Mara moja nikasema tufyeke kidogo, tupate kuona bwawa. Ukaniambia, "Mwalimu mzima, unataka kubomoa wodi ya watoto ili upate dirisha?" Kwa maana samaki wachanga walikuwa wakijificha humo, na mizizi ile ndiyo iliyokuwa imeshika udongo wa ukingo. Ulilijua hilo na mimi nililijua. Tungeweza kuwaeleza watu hivyo hivyo.

Lakini siku jirani alipokuja na vijana wake na mapanga, akitaka afyeke kwake na kwetu ufuko uwe mmoja, hukumweleza habari za samaki. Ulifuta mikono kwenye kanga ukasema, "Hapo ni mpungi wa ukoo wetu. Hapakatwi hata fimbo."

Naye ni Mpare kama sisi. Anajua mpungi ni nini, msitu wa tambiko, na anajua yanayosemwa juu ya mtu anayeutia panga. Akakutazama. "Mama, mpungi gani wa majini?"

"Maji ndiyo yaliyoufuata. Wenyewe ulikuwepo kabla ya bwawa."

Akaondoka, na hata matete ya upande wake hakuyagusa. Nilicheka hadi machozi. Jumamosi iliyofuata ukaja na dengelua, pombe yetu ya miwa, ndani ya kibuyu, ukaimwaga kwenye matete mchana kweupe, wewe mwimba sauti ya kwanza kanisani. Nikakuuliza, "Na wenzako wa kwaya wakikuona?" Ukasema, "Wakiniona ndiyo vizuri, nao wataogopa."

Mbonea alikuwa mdogo, akiangalia. Akakua hivyo. Hata alipokuwa mfanyabiashara pale Same, wageni wakimshawishi ajenge mahali pa kupumzikia watu, alikuwa akiwajibu kwamba kwetu kuna mpungi. Tulijiona werevu, mke wangu. Walimu wawili, na mtoto wetu mwenyewe hatukumfundisha. Tulimtisha.

Sasa sikiliza nililofanya. Mchungaji alikuja kunipa Chakula cha Bwana hapa nyumbani, maana kanisani sifiki tena. Akaniuliza kama kuna jambo linalonilemea. Nikatafuta. Dhambi zangu nyingine zimezeeka kama mimi, haziniumi. Nikamsimulia habari ya mpungi, na Mbonea ameketi pembeni. Nilidhani natua mzigo mdogo. Nadhani hata nilitabasamu. Mchungaji naye alicheka kidogo, kisha akaniombea.

Mbonea hakucheka. Aliuliza, "Kwa hiyo pale hapana kitu, baba?"

Nikamjibu, "Hapana kitu."

Hayo ndiyo maneno yangu. Nimeyarudia kichwani hadi yamekosa maana. Hapana kitu.

Wiki haikuisha, wakaja wafyekaji. Nilipowasikia nikamwita Mbonea. Nikamweleza kila jambo kama niko darasani: mizizi, udongo, samaki wachanga, ndege wanaotaga humo. Nikamwambia hata sheria inataka ukingo uachwe. Alinisikiliza hadi mwisho, unajua adabu yake. Kisha akasema, "Baba, habari ya mpungi mlinidanganya tangu utoto wangu. Leo nikuamini habari ya vifaranga wa samaki?"

Hakusema kwa jeuri. Alikuwa anauliza kweli. 

Jirani aliposikia, naye akafyeka, na wa baada yake akafyeka. Kumbe ukingo ule wote ulikuwa umesimama kwa kibuyu chako kimoja. Mbonea alimwaga mchanga wa lori pale mbele. Upepo ukavuma siku chache, mawimbi yakauchukua. Sasa maji ya pembeni yana rangi ya chai ya maziwa, na ukingo unameguka. Usiku nausikia ukianguka majini, vipande vipande. Mgunga wetu umeinama. Yule bibi anayetuuzia samaki amehamia upande mwingine. Alipita kuniaga, akasema hapa nyavu zinarudi na matope tu. Mbonea na majirani wanazungumza juu ya kujenga ukuta wa saruji. Nimeshaacha kupinga.

Na kuna jingine, nalo ni gumu kuliko hilo la kwanza. Ni pazuri. Sasa naliona bwawa lote, hadi nyika ya Wamasai ng'ambo. Jua linapozama watu wanapiga picha, wajukuu zako wanarushiana maji na kucheka, na mimi, Mama Mbonea, nimewahi kujikuta nafurahi. Ulininyima dirisha hilo, nami nimelipata, nikafurahi. Usinifiche uso kwa ajili hiyo.

Nimewaambia wanizike juu, migombani, kando yako. Wamekubali; ni rahisi kukubali hilo. Nami nakuahidi kwamba kila siku iliyobaki nitamwambia Mbonea ukweli ule ule, bila mizimu na bila vitisho. Ataniamkia, atakaa, atasikiliza, ataitikia "ndiyo, baba," kisha atatoka kuwaonyesha mafundi ukuta uanzie wapi. Nitamwambia hata hivyo.

Lala salama, mke wangu. Nakuja, na sina habari njema ninayokuletea.

Mumeo,
Baba Mbonea