Uji wa Florian

Jumatatu, 9 Juni 2025

Florian ameanguka leo. Miaka mitatu alikuwa hajaanguka — miaka mitatu! Tulikuwa tunachuma kahawa upande wa juu, nikasikia ndoo inabingirika. Kufika, yuko chini, povu mdomoni, shavu limechanwa na matawi. Nikamgeuza ubavu, nikaweka khanga chini ya kichwa. Nikasubiri. Nimemlea mdogo wangu huyu na kifafa chake tangu mama afariki. Kusubiri nakujua.

Alipozinduka aliinamisha uso kama mtoto. Mtu wa miaka ishirini na sita.

Jioni nimetazama vidonge vyake. Vya mwezi mzima vipo vyote. Hajagusa hata kimoja.

Jumanne, 10 Juni

Nimembana, akanionyesha simu. Tovuti inaitwa Kwaheri Kifafa. Mwanamume kavaa koti jeupe, anajiita daktari. Anasema dawa za hospitali ndizo zinazoufungia ugonjwa kichwani. Acha vidonge, kunywa mizizi. Ukianguka ufurahi — ndiyo unatoka! Chini yake shuhuda za watu, hazina mwisho.

Nikamwambia huyu ni tapeli. Akajibu taratibu, bila hasira: "Dada Vene, wewe hujawahi kuamka umejikojolea mbele za watu."

Nikamrudishia simu. Mwaka jana wazazi wa Hilda, mchumba wake, walivunja uchumba kwa sababu ya ugonjwa huu. Nani asingetaka kuamini?

Ijumaa, 13 Juni

Mbinga mjini. Simu yake nimeichukua akiwa shambani, bila kumwomba. Nilimpelekea Joakim, fundi simu — nilimfundisha darasa la nne, sasa ana kibanda chake karibu na stendi. Ameizuia ile tovuti isifunguke. Akanisaidia pia kuandika malalamiko kwa wanaosimamia mitandao, ili ifungwe kwa kila mtu.

Akaniambia, Mwalimu, hapa nimeziba tundu moja tu. Sikutaka kusikia. Nilirudi kijijini kwetu Maguu na mkate wa siagi, kama mtu mwenye sikukuu.

Jumapili, 15 Juni

Tovuti imerudi. Jina jipya, koti lile lile jeupe. Mtu wa kundi lao la WhatsApp amemtumia.

Florian hasemi nami. Kwenye misa alikaa upande wa pili kabisa.

Alhamisi, 19 Juni

Ameangukia jikoni. Mkono ukaingia motoni.

Siwezi kuandika. Harufu bado iko kwenye nguo zangu.

Zahanati wamemfunga bandeji. Muuguzi alimsihi arudie vidonge, mimi nililia mbele ya watu wote waliopanga foleni. Florian akatikisa kichwa. "Unatoka," anasema. Mkono umebabuka mpaka kiwikoni, na yeye anasema unatoka!

Ijumaa, 20 Juni

Nimesaga kidonge. Nimekitia kwenye uji wa ulezi, na karanga, na sukari nyingi ya kuua uchungu. Amekunywa wote.

Mungu anisamehe. Na asiponisamehe, kesho nitasaga tena.

Jumamosi, 12 Julai

Hajaanguka tena. Kidonda kinakauka. Leo ameimba tukiwa tunaanika kahawa, sauti yake ya kwaya, ya zamani. Ananisifia uji. Anasema siku hizi napika kama mama.

Dawa naenda kumchukulia zahanati mwenyewe, kwa jina lake. Muuguzi anafurahi: kumbe kijana amesikia! Ndiyo, nasema, amesikia. Nasaga wakati amekwenda kuoga, naosha jiwe, namwaga maji nyuma ya choo. Mimi, mwalimu! Nimekuwa mwizi nyumbani kwangu.

Lakini hajaanguka.

Jumanne, 22 Julai

Imefungwa!!! Joakim kanipigia. Zote mbili, nchi nzima, hazifunguki. Labda ni malalamiko yetu, labda walilalamika wengi. Nilipiga magoti palepale kwenye majani ya kahawa.

Halafu Florian akaja. Alikuwa anacheka.

"Umeona, dada? Wangehangaika kufunga uongo? Wanaogopa."

Kundi zima linasema hivyo, anasema. Hata waliokuwa na mashaka, leo hawana tena. Kisha akaketi karibu yangu — mara ya kwanza tangu nichukue simu yake — akaniambia na yeye ametoa ushuhuda. Ujumbe wa sauti. Jina lake, kijiji chake: mwezi mzima sijameza kidonge, na sijaanguka. Akanisikilizisha. Sauti nzuri, tulivu. Hata mimi ningemwamini.

Unapita simu kwa simu. Hauko kwenye tovuti yoyote. Nani atamfunga Florian?

Na ushuhuda wenyewe nimeupika mimi.

Jumatano, 23 Julai

Nilitaka kumwambia wakati wa chakula. Nikafungua mdomo, nikaomba chumvi.

Nikimwambia, hatakula tena kitu kutoka mkononi mwangu. Ataanguka tena. Safari hii kwenye moto, au kisimani, na mimi niko darasani. Nisipomwambia —

Jumamosi, 2 Agosti

Wamekuja wageni. Mwanamke anaitwa Emiliana, anatoka Lituhi, anauza dagaa wa usipa kule ziwani. Yupo na binti yake, Lusia, ana miaka minane. Wamepanda milima kwa pikipiki kutwa nzima, wamefika wamejaa vumbi, wanatetemeka kwa baridi ya huku. Kaniletea usipa mfuko mzima. Kapiga goti: "Shikamoo, Mwalimu."

Alisikia ile sauti ya Florian kutoka kwa dada yake aliyeko Songea. Aliisikiliza mara nyingi mpaka akaijua kwa moyo. Jumatatu akavitupa vidonge vya mtoto ziwani.

Nikamuuliza, na mtoto?

"Ameanguka mara mbili njiani, Mwalimu. Unatoka!" Akatabasamu. Mtoto ana uvimbe kwenye paji la uso, mkubwa kama yai. Anamtazama Florian kama anayetazama mtakatifu kwenye dirisha la kanisa, na Florian amemshika mkono, anamwambia usiogope, hata mimi nilikuwa hivyo. Anamaanisha kila neno. Sijawahi kumwona ana amani namna ile.

Kisha Emiliana akanigeukia. Anasema yeye hakumwamini moja kwa moja yule wa koti jeupe, mitandaoni kuna matapeli wengi. Ndiyo maana amekuja mwenyewe. "Nimeambiwa wewe ndiye unayekaa naye. Wewe ukisema ni kweli, basi nitajua ni kweli. Mwalimu hawezi kunidanganya."

Nikasema naleta shuka la mtoto kujifunika.

Niko chumbani. Shuka liko mapajani. Vidonge nimevitoa chini ya godoro, viko hapa juu ya meza, na jina la Florian kwenye pakiti. Nje wanaongea. Emiliana anauliza mizizi ichemshwe kwa muda gani.

"Dada! Njoo uwaambie mwenyewe!"

Nimeitika nakuja. Sijanyanyuka. Anaita tena, anacheka, anawaambia dada yangu ana aibu — sasa anakuja mwenyewe, nasikia kandambili zake ukumbini. Vidonge viko pale pale mezani. Sijavificha