Mkono wa Kushoto

Shangazi yangu kipenzi,

Ndoa tamu, shangazi! Mume wangu huniimbia nikisuka nywele, na sauti hana.

Siku ya harusi nilikuficha jambo. Nilikuwa na uvimbe kwapani, upande uleule wa kushoto ambao wewe ulikatwa titi. Chumba cha picha za matiti kilikuwa kimefungwa kwa sababu ya korona, nikangoja miezi miwili. Nilimwambia mchumba aniache. Akajibu, "Nibaki na nani wa kunigombeza?"

Jana daktari alitazama picha, akauliza, "Chanjo ya korona ulichomwa mkono gani?"

"Wa kushoto."

"Basi ni tezi zilizovimba kwa chanjo tu, na zimeshanywea. Titi ni safi, bibi harusi."

Mume wangu alilia kunishinda, mkoba wangu ukiwa begani mwake.

Usinigombeze, shangazi, yeye ameomba zamu hiyo.

Mwanao anayelala usingizi tena.