Aliyeshika Kete Haguswi

POLISI, UNGUJA
Kituo cha Malindi
Alkhamisi, tarehe 19 Agosti 1954, saa tatu na dakika kumi asubuhi

Jina la shahidi: Mwanakheir binti Kurwa
Umri: hana hakika, anakisia miaka 56
Kabila na dini: Mtumbatu, Mwislamu
Kazi: mama wa nyumbani, husuka mikeka
Makazi: Malindi, Mjini

Mimi ni mke wa marehemu Jaku bin Mmanga. Nimeapa kwa Mwenyezi Mungu, na ntakayoyasema nliyaona kwa macho yangu na mengine nliyatamka kwa mdomo wangu mwenyewe.

Nimo edani, leo siku ya tatu. Sikupaswa kuvuka kizingiti. Nlimtuma jirani yangu akamuulize shekhe, naye akajibu kwamba madhali iko haki ya mtu mwengine, nende, nirudi mchana huu huu. Koplo Nahodha alitaka kuja kuniandika nyumbani nkakataa. Nyumbani kumejaa watu wa matanga. Haya nnataka ayasikie mtu mmoja, naye kakaa hapo nje kwenye baraza yenu. Ni mwanangu Shaame. Niandikie pole pole, mwanangu Koplo, mie sikusoma ila juzuu mbili.

Nimekuja kwa ajili ya Makungu bin Jecha wa Kiwengwa. Mzee huyu mmemweka ndani tangu jana. Shaame amesema kwamba alimtilia baba yake sumu kwenye kahawa. Hakumtilia.

Marehemu alikuwa nyapara wa barabara wa serikali, miaka thalathini na moja. Mwezi wa Machi mwaka huu alistaafu. Akanunua kigari cha Moris kikuukuu, akashinda chini yake siku nyingi mpaka kikanguruma. Mambo yake yalikuwa ni bao. Yangu ukili wa mikeka. Tumekaa katika ndoa miaka thalathini na nane, na kila alasiri yeye hutoka kwenda barazani kwa wenzake, mie hubaki uani na miyaa yangu. Hatukugombana kwa hilo, lakini kukaa pamoja pia hatukukaa.

Mwezi uliopita, wa Mfungo Pili, akanambia, "Mama Shaame, nataka kuzunguka kisiwa nicheze na mabingwa wote nliowajengea barabara."

Nkamwambia, "Nenda na kete zako."

Akasema, "Kete hazijui kupika." Kisha akatazama chini. Akasema huko shamba ndiko waliko wanawake wenye zile nakshi za ukili nnazozitafuta miaka yote. Yeye atacheza, mie ntasuka, jioni tuhadithiane garini.

Shaame hakupenda. Yeye ni karani wa bandarini, alitaka tungoje apate likizo atupeleke mwenyewe. Alisema, "Mama, baba kachoka, humtazami?" Mie nkamjibu kwamba baba yake barabara zile kazilalia. Nlikuwa na hamu ya kwenda. Hilo nalo liandike.

Tuliondoka Jumamosi tarehe 14, baada ya Sikukuu ya Mfungo Tatu, ile ya kuchinja, saa moja ya asubuhi. Tulianzia Fumba, tukalala huko kwa binamu yangu. Marehemu aliwashinda watu wawili na wa tatu akamshinda yeye. Jumapili tukenda Makunduchi, tukalala siku mbili. Wanawake wa kule maneno yao mengine sikuyajua, lakini vidole vyao nlivifahamu. Njiani marehemu alikuwa akinionyesha kila karavati la maji chini ya barabara, hili la mwaka gani, hili lilimvunja mguu fulani. Mie nkimwonyesha mikindu ya kukata miyaa. Siku ya pili akawa anasimamisha gari mwenyewe kila akiuona mkindu, kabla sijasema, akinambia, "Shuka, wako huo." Siku zile tatu tulizungumza kuliko miaka kumi.

Jumatatu tarehe 16, kiasi cha saa kumi jioni, huko Makunduchi, alinambia mkono wake wa kushoto umekufa ganzi. Jasho lilikuwa likimtoka na upepo wa kusi unavuma. Nlimchua kwa mafuta ya nazi. Nkamwambia turudi mjini tumwone daktari. Akasema, "Bado Makungu." Akasema tena, "Na Shaame usimwambie, atatuchukua kama magunia." Nkacheka. Sikumwambia Shaame, hata maiti ilipofika nyumbani sikumwambia. Leo ndiyo mara ya kwanza nnasema habari ya mkono.

Jumanne tarehe 17 tuliondoka saa moja asubuhi, tukapita Tunguu, Dunga na Kinyasini, tukafika Kiwengwa kiasi cha saa tano na nusu. Huyu Makungu alijuana na marehemu tangu barabara ya huko ilipokuwa ikipigwa. Aliyapoteza mabao mengi marehemu kwake, na hakuyasahau. Tulipofika, mzee alisimama barazani kwake akasema, "Nliona vumbi nkadhani ni serikali, kumbe mteja wangu."

Marehemu akamjibu hata salamu hajatoa, "Barabara nlokujengea mie ndiyo nliyokuja nayo kukupiga."

Wakashikana mikono, wakacheka mpaka wakakohoa. Sikuona chuki baina yao. Tulikula wali na pweza, sahani moja wanaume, sahani moja sie wanawake, kutoka chungu kimoja.

Baada ya sala ya adhuhuri, kama saa nane na robo, walikaa kucheza kwenye baraza ya nje. Watazamaji walikuwa watatu, wanaume wa hapo hapo. Mie nlikuwa uani na Bi Mwatum, mke wa Makungu, na shoga yake Tabia. Mlango wa ua ulikuwa wazi. Kutoka nlipokaa mpaka kwenye bao ni hatua kama kumi. Nlikuwa namwona marehemu mgongo na bega la kulia. Uso sikuuona.

Bao la kwanza alishinda Makungu. La pili alishinda marehemu, nami nkapiga kigelegele, Bi Mwatum akanitania, "Shoga, umekula pweza wetu kisha unatushangilia ugonjwa." Baada ya hapo Bi Mwatum alichukua buli la kahawa jikoni. Nlimwona akitia. Alitia vikombe vya wanaume wote watano, kisha vyetu vitatu, buli hilo hilo moja. Mie nlikunywa viwili. Makungu hakuondoka kwenye bao, hakulishika buli wala kikombe cha mwenzake. Marehemu alikunywa nusu, akakiweka kikombe pembeni. Hayo ndiyo ya kahawa. Waliokunywa tulikuwa watu wanane.

Bao la tatu lilianza mara tu baada ya kahawa. Sasa, Koplo, pengine wewe huchezi. Kwa watu wa bao, mtu akishashika kete mkononi anahesabu, haguswi. Kutaniwa atataniwa, lakini kuguswa au kuonyeshwa pa kwenda ni kumharibia, na anayefanya hivyo huaibika. Na marehemu alikuwa na sifa ya kufikiri sana. Hapa hapa Malindi aliwahi kushika kete moja mpaka wenzake wakenda kunywa chai wakarudi. Hayo nliwahadithia wenyeji wa Kiwengwa mchana ule, kwa majisifu.

Alishika kete, akainamisha kichwa, kiwiko juu ya goti. Akakaa hivyo. Mtazamaji mmoja akasema, "Mjini wanalala na macho wazi?" Mwengine akasema, "Mwacheni, anatafuta barabara ya kutokea." Watu wakacheka. Na mie nlicheka.

Ukapita muda. Bi Mwatum alikuwa akinifunza nakshi ngumu, ya miyaa kumi na tatu, ukikosea mmoja unafumua yote. Nlikuwa nahesabu. Hapo Makungu akapaza sauti kutoka barazani, "Bi Mwanakheir, bwana wako kanyamaza sana. Nimguse?"

Nkajibu, "Mwache, anafikiri. Ukimgusa atasema umemvurugia hesabu, atakudai bao hili mpaka kiama."

Ndivyo nlivyosema. Sikuinua kichwa. Nlikuwa nimefika muyaa wa tisa, nliogopa kupotea.

(Shahidi alipewa maji. Aliendelea saa nne kasorobo.)

Koplo ameniuliza ulipita muda gani tangu maneno hayo mpaka ilipojulikana. Saa hatukuwa nayo sie. Nlisuka kiasi cha shubiri moja na nusu. Kisha ikaadhiniwa alasiri. Marehemu akisikia adhana huweka kete chini, hata awe anashinda. Nliinua kichwa nimwone akiinuka. Watazamaji waliinuka. Yeye hakuinuka. Makungu akasema taratibu, "Bwana Jaku, adhana." Kisha akanyoosha mkono juu ya bao, akamshika kiganja. Alikwenda kinyume na mchezo wake mwenyewe, na mbele ya watu. Akanitazama mie. Nkajua.

Nlikwenda mbio, ukili uko mkononi. Alikuwa baridi vidole. Kete ilikuwa bado imo, tukamfumbua ngumi mie na Makungu.

Koplo ameniuliza kama angeguswa pale Makungu alipouliza, angepona. Sijui. Nnaomba asiniulize mara ya pili.

Lilipatikana lori la mbata, tukaondoka Kiwengwa kama saa kumi na nusu. Kigari kilibaki. Makungu hakuambiwa na mtu aje, alipanda mwenyewe. Ni mzee wa miaka sabini na zaidi. Alikaa kwenye sakafu ya lori, akaweka kichwa cha marehemu juu ya paja lake, na kila tukifika penye shimo alikiinua kwa mikono miwili kisipige mbao. Njia nzima mpaka mjini. Mie nlishika miguu.

Tulifika nyumbani magharibi. Shaame alinipokea mlangoni. Aliniuliza, "Mama, ulikuwa wapi?" Nkasema nlikuwa na wanawake. Akauliza, "Kafia mikononi mwa nani?" Nkasema mwa Makungu. Akauliza, "Alikunywa nini?" Nkasema kahawa. "Ya nani?" Nkasema ya Makungu. Nlijibu nliloulizwa tu. Nliona macho yake yanaelekea wapi, nami nkanyamaza, maana kama ningeendelea ingenibidi nimwambie kwamba kulikuwa na mtu aliyetaka kumgusa baba yake, na aliyemkataza ni mama yake. Shaame ni mtoto wangu aliyebaki. Watatu nliwazika wadogo. Nliogopa asije akanitazama vile alivyokuwa akimtazama Makungu.

Jana Jumatano, saa mbili ya asubuhi, askari wawili walikuja. Makungu alikuwa barazani na wanaume, maji ya kumkoshea marehemu yako motoni. Aliwaomba askari amalizie Yasini aliyokuwa akiisoma. Walimngoja. Nnawashukuru kwa hilo. Alipopita ukumbini aliniona kwenye upenyo wa mlango. Angeweza kusema. Kwa neno moja angeweza kusema, "Muulizeni huyu." Hakusema, akanipa pole akenda zake.

Maiti ilichukuliwa ikaangaliwa na daktari, alilosema sijaambiwa. Marehemu alizikwa jana hiyo hiyo baada ya alasiri. Makungu hakuzika. Alitoka Kiwengwa kwa ajili ya kumzika rafiki yake, na mtu aliyemzuia ni mie, si Shaame wala si askari.

Shaame hakufanya kwa ubaya. Alifiwa, akaniuliza mie, mie nkampa nusu ya jawabu. Msimwandike vibaya. Hajala tangu juzi, na hapo nje alipokaa kuna jua.

Nnaomba Makungu atolewe leo. Kesho ni khitma baada ya sala ya Ijumaa, na nnataka akae karibu na mwanangu, mbele, si nyuma na wageni. Kama lazima mtu abaki hapa ndani, nibaki mie, edani nimeshaingia, hapa na nyumbani ni mamoja.

Niliyoyajua nimeyatoa, hakuna aliyenitisha wala kuniahidi kitu. Nnaomba yasomwe na mwanangu aingie asikie, kwa sababu mie kwa mdomo wangu siwezi kumwambia mara ya pili.

Alama ya dole gumba la kushoto: Mwanakheir binti Kurwa

NUKUU YA ASKARI
Nimeyaandika maelezo haya mimi, Koplo Nahodha Bakar, kwa Kiswahili, kama alivyoyasema shahidi. Kwa ombi lake nilimwita mlalamikaji, Shaame bin Jaku, nikayasoma yote mbele yao, tangu saa nne na nusu hadi saa tano kasorobo. Mlalamikaji alisikiliza akiwa amesimama. Nilipomaliza nilimuuliza kama ana la kusema juu ya malalamiko yake. Alisema anayaondoa, nami nimempelekea Inspekta habari hiyo, pamoja na taarifa ya daktari, kwa uamuzi wa kuachiwa Makungu bin Jecha.

Dole la shahidi liliteleza, wino ukaharibu karatasi ya kwanza. Kwenye karatasi hii mwanawe alipiga magoti, akaushika mkono wake, wakaliweka pamoja.