Monita ya Inchi Ishirini na Saba, Viti Viwili

Jumamosi, saa kumi na moja jioni. Joto ni lile la kila siku la Kakuma. Upepo ulianza saa nane, na vumbi limeingia mpaka kwenye kopo la sukari. Mlango uko wazi, feni inazungusha hewa ileile, na mbele yangu kuna monita. Si mpya, ni ya mitumba, lakini kwangu ni mpya.

Nilipaswa kuwa na furaha leo. Badala yake nimekasirika, na sijui nimkasirikie nani.

Wacha nianze na monita, maana hiyo angalau naielewa.

Miaka minne nimefanya kazi kwa laptopu ya inchi kumi na nne. Natengeneza kadi za harusi, mabango ya mikutano ya injili, ratiba za mazishi. Kazi naifanya hapa nyumbani, halafu kila Jumatano naipeleka Lodwar kwa watu wa kuchapisha. Mwezi uliopita picha ya bibi harusi ilitoka kijani kwenye bango la mita mbili. Kwenye laptopu nilimwona yuko sawa kabisa. Mama yake alinipigia simu, na sitaandika hapa alichoniambia.

Hiyo ndiyo sababu ya kazi. Sababu ya pili ni gemu, na siioni kama jambo la kuficha. Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na moja, na kila Jumapili baada ya kanisa nacheza gemu ya mbio za magari na rafiki yangu. Mama anajua. Mchungaji anajua. Mama husema afadhali hiyo kuliko mambo mengine, ingawa hajawahi kutaja ni yapi.

Huyo rafiki nitamwita Nyandeng, ingawa silo jina lake. Ni Msudani Kusini, amekulia hapa kwenye kambi ya wakimbizi tangu akiwa wa kubebwa mgongoni. Tulikutana sekondari, kwenye chumba cha kompyuta, kompyuta moja wanafunzi watatu. Yeye siku hizi hutengeneza simu na kompyuta kwenye kibanda chake sokoni kambini. Mimi niko kwetu, upande wa mjini. Jumapili huvuka laga, ule mto wa mchanga usio na maji, kuja kwangu na kontrola yake ndani ya mfuko wa plastiki. Ya kwangu haitaki, ati vitufe vyake ni vivivu kama mwenyewe.

Gemu yetu huikata skrini katikati. Gari langu liko kushoto, lake kulia, na sisi wenyewe tumekaa hivyohivyo, miaka yote. Kwenye inchi kumi na nne kila mtu anabaki na kipande cha kama simu. Tunacheza tumekunja nyuso, macho yanauma.

Kwa hiyo nilipoanza kusema nitanunua monita, Nyandeng alishika usukani. Tangu mwaka jana amekuwa akinihubiria. Inchi ishirini na saba, isipungue. Ile iliyopinda nisiiguse, maana imetengenezewa mtu mmoja aliyekaa katikati kama chifu, wa pembeni anaona barabara imelala upande. Na isiwe ya kung'aa. Huku kwetu hakuna anayefunga mlango mchana, na skrini inayong'aa itakuonyesha mlango, mbuzi na majirani, kila kitu isipokuwa kazi yako.

Jumatano nikiwa Lodwar niliingia duka moja la vitu vya kompyuta. Lina kiyoyozi, madirisha yana pazia, ndani baridi mpaka unataka kuomba ulale hapo. Walikuwa wamewasha monita ya inchi thelathini na mbili, iliyopinda, nyeusi, nzuri ya kuua, ikionyesha gemu ya magari. Moyo wangu ulienda. Nikampigia Nyandeng. Hakuniuliza inchi wala chochote. Aliuliza tu kama mlango wa duka umefungwa. Nikasema ndiyo. Akasema waambie waitoe nje.

Muuzaji alinitazama kama nimemwomba amtoe babu yake nje. Lakini alikuwa mtu mzuri, akavuta waya mpaka barazani. Nikaiangalia. Nikajiona mimi mwenyewe, kilemba changu, na nyuma yangu waendesha boda watatu wakinunua maji. Gari la kwenye gemu sikuliona. Nikamshukuru, nikaenda zangu.

Leo ndiyo tukaenda kwa Mama Hodan. Ni mama wa Kisomali mwenye duka la mabati sokoni kambini, huleta vitu vya ofisi vilivyotumika kutoka Nairobi. Ametuona mimi na Nyandeng tukija kuulizia monita tangu mwaka jana, na alishachoka nasi. Jana alipiga simu: zimefika mbili, njooni kabla watu wengine hawajaziona.

Moja ni ya inchi ishirini na nne, ya kasi, inaonyesha picha mia moja arobaini na nne kwa sekunde. Ya pili ni ishirini na saba, na kasi yake ni sabini na tano, ya kawaida tu. Zote hazing'ai. Tulizipeleka mlangoni moja moja, tukaziwasha juani, na zote zilisomeka vizuri. Nikajua hapa ni dakika tano. Ile kubwa ndiyo tuliyoiimba mwaka mzima.

Nyandeng akasema nichukue ndogo.

Nilicheka. Yeye hakucheka. Akaanza kunipa sababu, akiangalia waya anaouviringisha mkononi. Ndogo itakula umeme kidogo, na sola yangu ni ya betri moja. Rangi zake ni safi zaidi, nitafaidika kwa kazi ya kadi. Tena ina kasi, na kasi itanisaidia nikicheza mtandaoni na mtu aliye mbali.

Nikamwuliza ni nani wangu aliye mbali. Waya ulikuwa umeshaviringika, akaufungua, akauanza upya.

Mama Hodan alikuwa anapangusa vumbi kwenye kibodi za zamani. Akasema bila kugeuka, "Kwani nyinyi si wawili? Kila siku mnaniambia watu wawili, watu wawili. Leo imekuwa nini?"

Nyandeng akasema polepole, "Akiru, chukua ya mtu mmoja."

Hapo ndipo nilipoelewa.

Kwa asiyeishi hapa nieleze kidogo. Mtu wa kambini safari yake ya kuhamia nchi nyingine ikiiva, hasemi. Hamwambii jirani, hasemi kanisani, wakati mwingine hata watoto hawaambiwi. Safari nyingi zimekwama kwenye hatua ya mwisho. Kuna watu waligawa sufuria na magodoro, wakaaga mtaa mzima, halafu wiki iliyofuata wakaenda nyumba kwa nyumba kuziazima sufuria zao wenyewe. Kwa hiyo watu hufunga mdomo mpaka ndege iruke. Na wewe ukihisi, huulizi. Ukiuliza unamlazimisha mwenzako akudanganye, au unamletea nuksi, na vyote viwili ni ubaya. Nimeyajua haya tangu utotoni. Nimeshaenda kumsalimu mtu nikakuta familia nyingine imeanika nguo kwenye kamba yake.

Ila nilidhani hayo ni ya watu. Sikudhani na mimi ni watu.

Nikirudi nyuma naona kila kitu kilikuwa wazi. Koti zito limetundikwa chumbani kwake miezi miwili, Kakuma hii, akasema mteja amelisahau. Mashine yake ya kulehemu ameuza, akasema anatafuta nyingine. Mara mbili alifunga kibanda siku nzima kwenda ofisini, akasema ni mambo ya kadi ya chakula. Nami kila mara nilisema sawa na kuendelea na yangu. Sikuwa mjinga. Sikutaka tu kujua.

Na hapa niseme ukweli, maana ndiyo kazi ya kuandika: sikumfurahia. Mtu amengoja zaidi ya miaka ishirini, amekula mahindi na maharage ya mgao mpaka ameyachukia, na sasa huenda mlango umemfungukia. Mimi nimesimama pale dukani nikitamani umfungikie. Dakika nzima nzima nilitamani hivyo. Nimeona aibu na bado naiona.

Swali lilikuwa limefika kwenye ulimi. Nikalimeza. Nikamgeukia Mama Hodan nikamwambia nachukua kubwa.

Nyandeng akasema itanimaliza betri. Nikamwambia betri ni yangu. Nilisema vibaya.

Tuliifunga kwenye blanketi tukaibeba wawili, yeye mbele mimi nyuma, tukavuka laga kavu. Mchanga ulikuwa unachoma mpaka juu ya ndala. Njiani tulikutana na shangazi yangu akitoka kuuza makaa. Akatusalimu ejok, salamu yetu ya Kiturkana, akauliza tumebeba maiti ya nani. Siku nyingine tungecheka mpaka tukae chini.

Nyumbani aliifungia monita miguu yake, akaigeuza isitazame mlango, akapunguza mwanga, akarekebisha rangi. Akanifungulia lile bango la mwezi uliopita. Bibi harusi alikuwa wa kijani, kijani kabisa, kama sukumawiki. Mama yake alikuwa na haki ya kunitukana. Hapo ndipo Nyandeng alipocheka, mara ya kwanza leo, nami nikacheka, na kidogo hewa ikarudi chumbani.

Kisha akapanga viti viwili, cha kushoto na cha kulia, akaondoka. Kontrola yake ameiacha juu ya kiti cha kulia. Kesho si anakuja, akasema, kwa nini aibebe. Tangu sekondari hajawahi kuiacha. Nimekaa hapa naitazama.

Basi nimeamua hivi. Sitamwuliza. Kesho nitacheza kama Jumapili yoyote, na sitamwachia ashinde, maana akiona namhurumia atajua nimejua. Na haya niliyoandika yatabaki kwenye rasimu, hayatoki, mpaka yatakapoweza kutoka.

* * *

Naongeza leo.

Tulipata Jumapili tano. Sikuuliza, hakusema. Monita ilifanya kazi yake. Kila mmoja alikuwa na nusu ya kutosha, na hakuna aliyekunja uso. Betri kweli ilikuwa inakata kabla ya saa kumi na mbili, kama alivyosema. Nilishinda Jumapili mbili, yeye tatu. Ya mwisho alishinda kwa kunigonga kwenye kona, na tuligombana kuhusu hiyo kona mpaka akafika langoni.

Jumanne asubuhi nilikuwa napanga ratiba ya mazishi ya mtu wa Lokichar. Ndege ilipita juu ya nyumba. Hupita nyingi, sikuinua kichwa. Mchana ujumbe ukaingia kwenye simu: "Nimeondoka." Nikamjibu: "Najua." Akaandika: "Nilijua unajua." Nilifunga mlango mchana kweupe, na joto lote hilo, nikalia. Mama alisikia, hakuuliza. Alileta chai akaiweka nje ya mlango.

Nimemwomba ruhusa ndipo nimeweka haya hapa. Alisema weka, ila usitaje jina, na hilo la kona liandike sawasawa. Nimeliandika sawasawa.

Jana ndiyo tumecheza mara ya kwanza tangu aende. Kwangu ilikuwa saa kumi jioni, kwake asubuhi, amevaa lile koti ndani ya nyumba. Amenunua kontrola mpya na tayari anailalamikia. Mtandaoni skrini haikatwi, kila mtu anapata yake nzima. Mimi nilikaa kiti cha kushoto, kwa sababu ndipo ninapokaa. Cha kulia bado kina kontrola yake. Mtandao ulikuwa wa kusuasua, gari lake linaruka kutoka hapa hadi kule, akanipiga mbio nne mfululizo.

Akaniandikia: "Nilikuambia chukua ile ndogo, ina kasi."

Nikamjibu kwamba monita haina shida yoyote, rangi zake ni nzuri na macho yangu yamepona. Ila kweli, kwa mtu mmoja ni kubwa.